Miavuli ya zege ya Kariakoo

Paa la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, ni miavuli ya zege iliyogeuzwa: kingo ziko juu, kitovu kiko chini. Aliyeichora ni Beda Amuli, mzaliwa wa Masasi aliyesomea usanifu Technion, Haifa, na kufungua ofisi yake mwenyewe mwaka 1969. Soko likafunguliwa 1975. Wakulima wa machungwa wa Kabuku na wafanyabiashara wa Korogwe, mkoani Tanga, wanalifahamu paa hilo kwa sura. Namna lilivyojengwa inastahili kuelezwa.

Siri iko kwenye mbao za kumwagia zege. Ganda la mwavuli limepinda pande mbili kwa pamoja, na mtu angedhani seremala alilazimika kukunja kila ubao. Sivyo. Mwavuli mmoja una vipande vinne, na kila kipande ni mistari iliyonyooka tupu, kila mstari ukiwa na mwinamo tofauti kidogo na wa jirani yake. Fundi anapanga mbao zilizonyooka, anabadilisha mwinamo kidogo kidogo, na mpindo unatokea wenyewe. Juu ya mbao hizo zinafungwa nondo, zege linamwagwa. Nguvu inatoka kwenye mpindo, kwa hiyo ganda halihitaji unene wa sakafu ya ghorofa. Félix Candela, bingwa wa kazi hii huko Mexico, aliezeka mkahawa wa Los Manantiales mwaka 1958 kwa zege la sentimita nne hivi.

Mwaka 1961 maganda ya namna hiyo yalifika Las Vegas, jangwani. Paul R. Williams, Mweusi wa kwanza kupokelewa katika taasisi ya wasanifu majengo ya Marekani, mwaka 1923, aliipa moteli ya La Concha mapokezi yenye matao membamba kama kombe la baharini. Nje ziliwaka taa za neoni: mirija ya kioo iliyokunjwa kwa moto na kujazwa gesi. Jengo zima lilikusudiwa kumsimamisha dereva apitaye. Mvua ya huko ni kama milimita 100 tu kwa mwaka.

Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Hapo ndipo ubora wa Amuli unapoonekana: mvua inateremka kutoka kingo hadi kitovu, kisha inashushwa kwenye matangi ya chini. Miavuli imepishana vimo, joto linatoka, mwanga unaingia. Soko liliungua Julai 2021 likahitaji ukarabati mkubwa, lakini hesabu ya paa lile haijachakaa.

Kwa Handeni, huko huko Tanga, hesabu hiyo ni ya maji ya kunywa. Wilaya imetegemea kwa miaka mingi maji ya mto Pangani yanayosukumwa kutoka Korogwe kwa mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), huku mapaa mengi ya bati yakimwaga mvua ya masika uani. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu linapokea lita 1,000. Seremala wa Chanika, mjini Handeni, anayejua kupanga mbao za kumwagia zege anaweza kujenga mwavuli mmoja juu ya soko, akipata mhandisi wa kukokotoa nondo na halmashauri iliyo tayari kuchimba tangi.