Barua Mbili za Koleji Moja

Mzazi anayetaka kupeleka mtoto wake koleji hatazami minervali tu. Huko Marekani wazazi wengi wa siku hizi huuliza tena neno jingine: koleji hii inasema nini juu ya mtu aliyeandikwa mwanamume siku ya kuzaliwa, naye anajijua na kuishi kama mwanamke? Atapokelewa? Atalala nyumba gani? Ataitwa jina gani? Wengine huuliza kwa kuwa wana mashaka juu ya binti yao. Wengine kwa kuwa mtoto wao mwenyewe ndiye mwenye hali hiyo. Wote wanataka jibu wazi mbele ya kumwandikisha.

Basi tupime jibu la koleji moja ya Kikatoliki, Saint Mary's, karibu na mji wa South Bend, katika Indiana. Masista wa Msalaba Mtakatifu waliianzisha mwaka 1844 kwa ajili ya wasichana. Mwezi wa Juni 2023 baraza lake lilikata shauri la kupokea pia maombi ya wale wanaoishi na kujitambulisha daima kama wanawake, kwa masomo ya mwaka 2024. Habari ilienea mwezi wa Novemba tu. Askofu Kevin Rhoades alisikitika kwamba hakuulizwa. Akasema kwamba shauri hilo linaachana na mafundisho ya Kanisa juu ya mwanamke, akaomba lisahihishwe. Mwezi wa Desemba ikatoka barua ya pili: sheria ya zamani inarudi.

Barua hii ya pili ina sifa moja kubwa. Wakubwa wa koleji wanakiri kwamba walipoteza matumaini ya watu, na kwamba hawakujua namna watu walivyotamani kushirikishwa. Wanaomba radhi. Ni wachache wanaoandika hivyo. Lakini toba yao ilichelewa. Aliyeandaa maombi yake mwezi wa Novemba angekuta mlango umefungwa mwezi uliofuata. Na mzazi aliyeichagua koleji kwa sababu ya sheria ya zamani, angesema nini alipojua kwamba ilikwisha badilishwa tangu Juni?

Pengine mtu atasema: «Padri, mafundisho yanajulikana, shauri limefutwa, unalia nini?» Najibu: mafundisho siyabishi. Lakini hati ya Roma ya mwaka 2019 juu ya jambo hili katika malezi inaonyesha njia tatu: kusikiliza, kufikiri, kupendekeza. Tena inakumbusha kwamba wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kulea. Saint Mary's waliweka kusikiliza mwishoni. Mount Holyoke, koleji isiyo ya Kanisa, ilitangaza mwaka 2014 kwamba inawapokea watu hao, ikashika neno lake. Asiyekubali alijua mapema, naye aliyekubali hakudanganywa. Ni haya kwetu kushindwa hapo.

Nanyi waseminari, siku moja mtasimamia masomo. Mbele ya kutangaza sheria, ulizeni Askofu, ulizeni wazazi, mkumbukeni na yule kijana ambaye sheria inamgusa mwenyewe. Ikiwa lazima kumwambia hapana, aambiwe uso kwa uso, kwa upole, mbele hajafunga sanduku lake.