Kosa la Maruhubi Liko Juu ya Nguzo

Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikosea alipojenga jumba la Maruhubi. Mliofika mmeziona zile nguzo nene za mawe na chokaa, zenye nguvu ya kubeba sakafu nzito bila kutikisika. Yeye akazitwisha ghorofa na roshani za mbao.

Nimekulia Chang'ombe na kila siku nakatiza Keko, katikati ya randa na vumbi la mninga, kwa hiyo mbao siichukii. Mbao ina mahali pake: mlango, dirisha, ngazi, samani. Ukiikabidhi ghorofa nzima pamoja na roshani, cheche ikidondoka popote hakuna ukuta wa kuizuia. Mwaka 1899 moto ukaja, na juu hakikusalia kitu.

Najua alichokuwa anakitafuta. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na Barghash alitaka nafasi na upepo wa bahari kwa masuria wake. Haja hiyo naikubali, dawa yake siikubali. Maruhubi ilijengwa kati ya 1880 na 1882. Mwaka 1883 huyo huyo akakamilisha jumba la Beit el-Ajaib, roshani zake zikishikwa na nguzo za chuma. Chuma alikuwa nacho, mafundi alikuwa nao, fedha alikuwa nazo. Sasa kwa nini jumba la nje ya mji lipewe kuni?

Hamamu na birika la maji vilijengwa sawasawa. Waliobeba marumaru za hamamu ile baada ya moto bado sijawasamehe.

Barghash angekumbuka kazi ya baba yake. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe Shehrzad, binti wa Kiajemi, hamamu ya Kidichi kati ya mashamba ya mikarafuu. Hakutafuta upana wa kujionyesha. Alifunika kwa kuba za mawe, ndani akaweka nakshi za chokaa, maua na ndege.

Ghorofa ya Maruhubi iliishi miaka 17. Kidichi imeitangulia kwa miaka 30, na mvua ikikukuta kule leo, unaingia ndani ukajisitiri.