Mfalme Penda Katika Kalamu ya Bede

Penda, mfalme wa Mercia katikati ya Uingereza, hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Sehemu kubwa ya habari zake twaipata katika historia ya kanisa la Waingereza, aliyoikamilisha mtawa Bede mwaka 731. Msomaji na akumbuke mapema kwamba Bede alikuwa mtu wa Northumbria, na Northumbria ndiyo nchi iliyopoteza wafalme wawili katika vita vya Penda: Edwin mwaka 633, na Oswald mwaka 642. Mhukumiwa yu kaburini, na mwandishi wa hukumu ni mtoto wa nyumba iliyofiwa.

Si ajabu, basi, kwamba Penda wa Bede ni moto na upanga. Twasoma jinsi kichwa na mikono ya Oswald ilivyotundikwa juu ya nguzo. Twasoma jinsi Penda alivyobomoa vijiji vilivyo karibu na Bamburgh, akarundika boriti, fito na nyasi za mapaa penye mji, akangoja upepo uuelekee, ndipo akatia moto. Askofu Aidan, kisiwani Farne, aliuona moshi akaomba, na upepo ukawageukia waliouwasha moto. Ukurasa huo una nguvu nyingi. Niusomapo darasani, wanafunzi hunyamaza kimya. Hapo ndipo pa kuwa na hadhari.

Kwani Bede huyo huyo asema, kwa maneno machache sana, kwamba Penda hakukataza Injili ihubiriwe nchini mwake. Aliowadharau ni wale waliojiita Wakristo na matendo yao yasifuate imani. Mwanawe Peada alibatizwa mwaka 653 akarudi na mapadre wanne, baba yake angali akitawala. Cadwallon, mwenziwe katika kumwua Edwin, alikuwa Mkristo. Naye Cenwalh wa Wessex alifukuzwa nchini mwake kwa sababu alimwacha mkewe, dada yake Penda, wala wakati ule Cenwalh hakuwa Mkristo. Hivi si vita vya dini. Ni vita vya enzi na heshima ya ukoo. Bede aliyajua yote haya akayaandika, ila hakuyaunganisha.

Udhaifu mkubwa zaidi nauona katika habari ya mwisho. Mwaka 655 Oswiu, nduguye Oswald, alitaka kumpa Penda mali nyingi ili arudi kwao. Bede asema Penda aliikataa, maana amekusudia kuangamiza taifa zima, mkubwa kwa mdogo. Lakini kitabu kilichoandikwa Wales katika karne ya 9 chasema mali ilipokewa, na Penda akawagawia wafalme wa Wabritoni waliomfuata. Ikiwa ndivyo, yamkini Oswiu alimwandama mtu aliyekuwa akirejea kwake. Katika vita vya Winwaed mto ulifurika, na waliokufa maji walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa upanga. Penda aliuawa huko.

Sisemi alikuwa mpole. Zile nguzo zatosha. Mwanafunzi mmoja wa ualimu aliniuliza kama basi tumtupe Bede. Nilimwambia amsome tena, safari hii na kalamu ya risasi mkononi, apige mstari chini ya kila neno ambalo Bede hakulazimika kuliandika.