Kitabu cha Utoto wa Wachaga, na Mtoto Aanzaye Shule

Januari ikaribiapo, wazazi wa Moshi hununua sare, viatu na madaftari, wakaona kazi yao imekwisha. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2014 kuufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, wengine husema, "Yaliyobaki ni ya mwalimu." Yafaa basi tukitazame tena kitabu kimoja kikanushacho neno hilo, kilichopigwa chapa na Oxford mwaka 1940: Chaga Childhood, maana yake Utoto wa Wachaga. Mtungaji wake, O. F. Raum, alikuwa mwana wa mmisionari wa Moshi, na mambo aliyoyaandika aliyajua kwa karibu.

Sifa kuu ya kitabu ni hii: hakianzi elimu shuleni wala jandoni. Chaonyesha kuwa baba na mama ni walimu tangu mtoto angali mchanga. Mtoto hufundishwa kumsalimu kila mtu kwa heshima impasayo. Huhadithiwa, huteguliwa vitendawili, hutumwa, na katika michezo yake huiga kazi za wakubwa.

Mwalimu wa darasa la awali aweza kuipima hoja hii kila siku. Mtoto aliyezoea kutumwa kwa shangazi yake katika kihamba cha jirani, akapeleka maneno na kurudi na jibu, amekwisha jifunza kusikiliza, kukumbuka, na kusema mbele ya mtu mzima. Aliyehesabu vichane vya ndizi pamoja na mama yake hatazishangaa hesabu. Bali aliyekaririshwa a, e, i, o, u tu, asiyewahi kuulizwa neno wala kufunga kifungo chake mwenyewe, hukaa kimya wiki nyingi kwa hofu, na wazazi wake humdhani mjinga. Hasara hiyo yapita ya kukosa viatu.

Lakini kitabu kina upungufu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu. Mama wa Kibosho au Rombo, ambaye bibi zake ndio walioelezwa humo, hakimfikii. Tena maisha yamebadilika. Leo jamaa wengi hukaa mjini, mbali na bibi, na mtoto hushinda mbele ya televisheni isiyomwuliza kitu. Msomaji asiyeangalia aweza kudhani dawa ni kuyarudisha ya kale yote, hata fimbo. Sivyo. Linalofaa kutwaliwa ni moja: mzazi azungumze na mtoto wake, ampe na kazi ilinganayo na umri wake.

Kwa hiyo twakisifu kitabu, na twatamani mafundisho yake yaingie nyumbani kwa Kiswahili chepesi. Wazazi nao wasingoje. Miezi michache kabla ya Januari yatosha: mtume mtoto, mwulize, msikilize ajibupo, mwache ajivike mwenyewe, mpeleke aione shule na njia yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.