Mikono Isiyoonekana ya Jersey

Kazi ya kutunza wanyama ikifanywa vizuri haionekani. Mgeni humwona njiwa katulia juu ya tawi, akapita zake. Hamjui aliyeliosha tawi hilo alfajiri, wala aliyeandika daftarini kwamba leo njiwa huyu kabakiza nusu ya chakula chake. Ndiyo maana naipenda bustani moja ndogo ya wanyama katika kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa. Kwa zaidi ya miaka 60 imeuthamini ufundi huu kuliko kitu kingine chochote.

Mwanzilishi wake, Gerald Durrell, alizaliwa India mwaka 1925. Mwaka 1945 aliajiriwa kama mhudumu wa wanyama katika bustani ya Whipsnade, Uingereza. Alisafisha vizimba, akabeba samadi, akajifunza kutazama. Baadaye alifunga safari za Cameroon na Guyana kukamata wanyama na kuwauzia wenye bustani kubwa, na kadiri alivyowaona wakiishia kuwa maonyesho tu ndivyo biashara ile ilivyomchefua. Aliporudi kutoka Cameroon mwaka 1957 hakutaka tena kuwauza. Akawaweka katika uwanja wa nyumba ya dada yake mjini Bournemouth, huku akibisha hodi kwa wakuu wa miji kuomba eneo. Hakupata. Ni Jersey alikopata jumba la kale la mawe, Les Augrès, na uwanja wake, na tarehe 26 Machi 1959 milango ikafunguliwa.

Fedha zilikuwa za mkopo: pauni 20,000, mdhamini akiwa Rupert Hart-Davis, mchapishaji wa vitabu vyake. Miaka ya mwanzo mambo yalikwenda vibaya, Durrell akiwa safarini mara nyingi, na aliporejea kushika usukani mwenyewe bustani ilikuwa karibu kufilisika. Mwaka 1963 iligeuzwa kuwa mali ya amana, yenye wanachama na nembo ya dodo, yule ndege wa Mauritius aliyekwisha kutoweka. Hapo Durrell alifanya jambo ambalo kwangu linazidi sifa zote za uandishi wake: deni lile la pauni 20,000 hakuitwisha amana. Alilichukua yeye, alilipe kwa mapato ya vitabu. Viongozi wa kuanzisha taasisi tunao wengi. Wa kuianzisha na kubaki na deni lake mfukoni ni wachache mno.

Alikuwa pia na utaratibu wa kujenga mabanda ambao ungefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya bustani ya wanyama. Kwanza, mahitaji ya mnyama. Pili, mahitaji ya anayemtunza. Tatu, mtazamaji. Mwisho kabisa, matamanio ya msanifu majengo. Utaratibu huu unaonekana mwepesi mpaka uanze kuufuata. Mnyama anahitaji pa kujificha asionekane na mtu, hata kama mtu huyo amelipa kiingilio. Mtunza naye anahitaji mlango wa kumwezesha kujua mnyama yuko wapi kabla hajaingia, na sakafu inayooshwa bila kuacha madimbwi, kwa kuwa banda gumu kusafisha halitasafishwa vizuri siku ya mvua. Msanifu anayeanza na uzuri wa paa huwa ameshayasahau yote hayo.

Kuongoza kwa namna hii kulivuta watu wa kukaa. Jeremy Mallinson alifika mwaka 1959 kwa kibarua cha muda. Akabaki hadi alipostaafu mwaka 2001 akiwa mkurugenzi. Kukaa huko kuna faida moja kubwa: mtunza wa miaka 20 anamjua mnyama wake, na mama wa mnyama huyo. Na alichokijua hakikuachwa kichwani mwake tu. Jersey kila mnyama aliwekewa kumbukumbu zake: amekula nini, ameugua lini, amepandana na nani, amezaa lini, mtoto amekuwaje. Mnyama hasemi. Daftari ndilo linalomsemea.

Ufundi wenyewe hasa uko katika mambo madogo kuliko hayo. Chukua yai la kozi. Tangu litagwe mpaka lianguliwe, linatakiwa kupoteza takriban asilimia 15 ya uzito wake, maana maji hutoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda. Likipoteza pungufu ya hapo, kifaranga hukosa nafasi ya hewa ya kuanzia kupumua. Likizidisha, hukauka humo humo ndani. Basi kila siku mtunza hulitoa kwenye mashine ya kutotolea, akaliweka kwenye mizani, akalimulika kwa taa gizani aone mishipa ya damu imetandaa wapi, akaandika namba, akalirudisha. Likiwa linapungua upesi, anaongeza unyevu, likichelewa, anaupunguza. Hakuna anayempigia makofi.

Kwa mikono ya namna hiyo Carl Jones, Mwelisi aliyefuga ndege wa mawindo tangu utotoni, alikwenda Mauritius mwaka 1979, na amana ya Jersey ikasimama nyuma ya kazi yake. Miaka michache kabla, mwaka 1974, kozi wa Mauritius waliojulikana porini walikuwa wanne tu. Jones alichukua mayai ya kwanza ya kozi akayatotolesha kwa mashine, naye jike akataga mengine. Waliobaki porini akawapelekea panya weupe wawe na nguvu za kulea. Leo kozi hao wanahesabiwa kwa mamia. Njiwa waridi wa kisiwa hicho nao walikuwa wazazi wabaya kizuizini, kwa hiyo mayai yao yaliwekwa chini ya hua wa kufugwa, ambao huatamia na kulea bila kuuliza ni ya nani. Mwaka 1990 njiwa hao porini walikuwa kama 10. Sasa wanazidi 400.

Lakini ulimwengu uliijua Jersey zaidi kwa tukio la dakika chache. Tarehe 31 Agosti 1986 mtoto wa miaka mitano aliangukia ndani ya uwanja wa gorila, akazimia. Gorila dume mkubwa, Jambo, akaja akasimama kati ya mtoto na wenzake, akampapasa mgongoni taratibu. Mtoto alipozinduka akilia, Jambo akaondoka na kundi lake kuelekea bandani. Watunza wawili na mhudumu wa ambulensi wakaruka ndani kumtoa mtoto, huku dume kijana akiwa bado anarandaranda nje. Tukio hilo lilisaidia kufuta picha ya gorila muuaji iliyokuwa imejaa sinema. Mimi huwatazama zaidi wale watunza wawili walioruka ndani: waliwajua gorila wao kiasi cha kuthubutu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Jersey imefundisha pia wahifadhi, na waliopitia mafunzo yake wanatoka nchi zaidi ya 100. Ujuzi umesambaa mbali kuliko wanyama wenyewe. Upande wetu wa bahari, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichukuliwa popo wa Livingstone kutoka Nzwani na Mwali, visiwa vya Komoro, popo weusi wenye mabawa ya karibu mita moja na nusu. Jersey waliwajengea banda refu lenye umbo la handaki ili waweze kuruka, wasining'inie tu mchana kutwa. Wamezaa huko. Misitu yao ya nyumbani, hata hivyo, bado inakatwa.

Popo wa Pemba ni ndugu wa karibu wa hao wa Komoro, nao waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha. Waliowaokoa ni wanakijiji, kwa kuacha kuwawinda na kuilinda miti wanamolala. Ukifika Chake Chake, usirudi kabla hujakwenda Kidike, wanakolala popo hao. Lipa kiingilio, nacho ni cha kijiji, kisha muulize anayekutembeza anawahesabu vipi popo wake, na umsikilize mpaka amalize.