Betri Isiyochemka

Kuchaji betri ni kazi ya kujua wakati wa kukoma. Kuanza ni rahisi: jenereta ikiwaka na nyaya zikibanwa, umeme utaingia. Kilichompa fundi jina lake, Kibombo kama kwingineko katika jimbo la Maniema, Kongo, ni kutambua kwamba betri imeshiba kabla haijaumia.

Betri ya asidi ilimsaidia kwa kuwa ilikuwa na sauti. Fundi alifungua vifuniko vyake sita, akainama, akasikiliza. Kimya, bado. Mchemko wa polepole, inakaribia. Mchemko wa kasi katika matundu yote, iondolewe. Tundu moja likichelewa kuchemka, basi ndilo gonjwa. Kiganja ubavuni kilipima joto, na kipimo cha kioo chenye kielea kiliamua: kikisoma 1.26 hivi, fundi aliridhika. Mwenye betri alirudi alasiri akaikuta imefutwa vumbi, vichwa vimesuguliwa na kupakwa grisi. Grisi hiyo haikuwamo katika bei.

Betri ya lithiamu haichemki. Imefungwa, haina maji ya kuongeza wala tundu la kuchungulia. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuibuni. Ile ya majumbani mara nyingi ni ya fosfeti ya chuma: seli nne za volti 3.2 zilizopangwa mfululizo, jumla 12.8.

Chaja yake hupokea volti 220 za nyumba, iwe nyumba hiyo inalishwa na laini ya umeme au na jenereta. Kwanza husukuma ampea zisizobadilika mpaka betri ifike volti 14.4 hivi. Kisha hushikilia hapo, ampea zikipungua zenyewe hadi karibu na sifuri, ndipo ikome. Seli isipite volti 3.65. Chaja ya ampea 20 hujaza betri ya ampea-saa 100 kwa muda wa saa tano au zaidi kidogo, ikivuta wati kama 330, mzigo ambao hata jenereta ndogo huubeba. Ya asidi ya ukubwa huo huachwa usiku kucha. Anayenunua petroli kwa chupa haelezwi tofauti hiyo mara mbili.

Ubaya ni kwamba ukimya wa betri ya lithiamu umewazoesha watu uzembe. Chaja kuukuu ya asidi, yenye mpango wa kusafisha sahani kwa volti zaidi ya 15, huunganishwa bila kuulizwa inatoa volti ngapi, kwa hoja kwamba betri itajikata yenyewe. Kweli ndani mna saketi ya ulinzi. Lakini saketi hiyo ni kama mlango wa dharura, na nyumba haikaliwi kwa kutegemea mlango wa dharura. Kuna pia betri za kuungaunga, seli zilizochomolewa katika kompyuta zilizokufa, zisizo na ulinzi wowote. Hizo huvimba, na zikishika moto hazizimiki kwa kata moja ya maji. Mita ya volti ingetosha kuonya. Imelala kwenye sanduku.

Madini ya lithiamu yenyewe hayako mbali: yapo Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika. Betri, hata hivyo, hutoka China ikiwa imefungwa.

Betri ya asidi ikifa, risasi yake huyeyushwa ikawa chubwi za nyavu. Ni kazi yenye sumu, lakini ni kazi. Ya lithiamu ikifa Kibombo, hakuna anayejua kuifungua. Huwekwa nyuma ya nyumba.