Chasing Coral: Filamu Yenye Mfuga Matumbawe Asiyeulizwa Kitu

Chasing Coral iliingia Netflix Julai 2017, miezi michache baada ya kushinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Sundance. Mwongozaji ni Jeff Orlowski, yule yule wa Chasing Ice ya mwaka 2012. Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia: Richard Vevers, aliyekuwa mtu wa matangazo ya biashara London kabla ya kuingia baharini na kamera, anataka dunia ione matumbawe yanavyopauka na kufa. Timu inatengeneza kamera za kukaa chini ya maji kwa miezi kadhaa. Kamera zinagoma. Mwishowe vijana wanalazimika kuzamia kila siku huko Lizard Island, Australia, na kupiga picha kwa mikono, sehemu zile zile, pembe zile zile. Kama hujaiona, ione kwanza. Sikuharibii chochote, maana mwisho wake unaujua.

Ni filamu nzuri. Nimeitazama mara tatu na sijutii hata moja. Lakini kila nikiitazama kuna jambo linanikera, na safari hii nimeamua kuliandika.

Mmoja wa vijana hao anaitwa Zack Rago. Anatoka Colorado, jimbo lisilo na bahari hata tone, na anafanya kazi kwenye kampuni ya kamera za chini ya maji. Nyumbani anafuga matumbawe. Ndiyo, anafuga. Najua kwetu pwani neno tumbawe linakuletea jiwe la kujengea, ukuta wa nyumba ya Lamu au gofu la Kilwa, lakini jiwe hilo ni mabaki tu. Aliyelijenga ni mnyama, jamaa wa kiwavi wa bahari, mwenye mdomo mmoja na mikono midogo ya kunasia chakula. Mtu mwenye matumbawe hai sebuleni kwake ni mfugaji kama mfuga kuku, tofauti ni kwamba kuku akiumwa utamsikia.

Filamu inampenda sana Zack. Inatuonyesha anavyocheka, anavyozimia kwa furaha akikutana na Charlie Veron, mwanasayansi aliyezitambulisha kwa dunia aina nyingi za matumbawe, na inatuonyesha anavyovunjika moyo. Ila haimwulizi kitu. Tangi lake linapita kama pambo la tabia: tazama, kijana huyu ni kichaa wa matumbawe. Basi, tunaendelea. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipoacha hazina yake, kwa sababu mtu aliyewahi kuyaweka hai matumbawe ya mawe kwenye tangi la lita mia tatu ana mambo ya kukueleza ambayo mpiga mbizi wa wiki mbili hana.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Tumbawe la mawe linajenga kiunzi chake kwa kuchota kalsiamu na kaboneti kwenye maji. Baharini akiba haiishi. Kwenye tangi inaisha, tena haraka, hasa ukiwa na Acropora zinazokua vizuri. Kwa hiyo mfugaji anapima. Kalsiamu inatakiwa iwe kama miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,400, chumvi sehemu 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 au 26. Kisha kuna ualkali, yaani akiba ya kaboneti, ambao watu wa matangi huupima kwa kipimo cha Kijerumani na kuuweka kati ya 7 na 11. Huu ndio unaowakosesha usingizi. Ukichagua 8, baki na 8. Ukichagua 9, baki na 9. Anayeruka kutoka 7 leo hadi 10 kesho ataona ncha za Acropora zimeungua, ingawa namba zote mbili ziko ndani ya kiwango. Tumbawe linavumilia hali nyingi. Linachoshindwa kuvumilia ni hali inayobadilika ghafla.

Sasa niambie, kuna njia gani bora ya kumweleza mtazamaji kwamba nyuzi moja au mbili za joto zinaua? Ukimwambia mtu wa kawaida bahari imepanda kwa nyuzi moja na nusu, anatazama juu ya kiyoyozi chake na kuona hakuna jambo. Lakini mwoneshe mfugaji mwenye hita, feni, kipima joto cha akiba na kengele kwenye simu, vyote kwa ajili ya kulinda nyuzi hizo hizo mbili. Mwoneshe tangi baada ya hita kukwama usiku mmoja. Ataelewa bila mchoro wowote. Orlowski alikuwa na mtu huyo mbele ya kamera tangu mwanzo. Akaenda kutafuta mifano mingine.

Suala la rangi ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Filamu imejengwa juu ya rangi. Matumbawe yenye rangi yako hai, meupe yako hatarini, ya kijani kibichi kilichooza yamekufa. Kwa dakika tisini hivi, mantiki hiyo inatosha, na kwa picha za Lizard Island ni kweli tupu. Ila mfugaji yeyote angeweza kumnong'oneza mwongozaji kwamba rangi ni shahidi mjanja. Tumbawe la mawe lina rangi za vyanzo viwili. Cha kwanza ni mwani wa seli moja anayeishi ndani ya nyama ya mnyama, anayetengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa; mwani huyo ni wa kahawia. Cha pili ni protini za mnyama mwenyewe. Baadhi zinameza mwanga wa bluu na kuutoa ukiwa kijani au mwekundu, nyingine hazing'ai ila zinampa tumbawe waridi au zambarau. Mwani akizidi, mnyama anaonekana wa kahawia hata kama ana afya ya simba. Mwani akipungua kidogo, rangi zilizofunikwa zinajitokeza.

Ndiyo maana kwenye biashara ya matumbawe ya nyumbani utaona picha za vipande vinavyowaka kama taa za harusi. Sehemu ya mng'ao ni ya kweli. Sehemu kubwa ni taa za LED za bluu tupu na kamera isiyorekebishwa. Mnunuzi akifika nyumbani, akawasha taa nyeupe, kumbe amenunua kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Kuna watu wanawashindisha matumbawe yao na njaa makusudi, wanachuja nitrati na fosfati hadi zikaribie sifuri, ili mwani apungue na rangi za peremende zitokee. Yanapendeza kwa muda, halafu yanapauka.

Kumbuka hilo unapofika kwenye sehemu ya New Caledonia. Timu inakuta matumbawe yanawaka kwa zambarau, manjano na bluu isiyo ya kawaida, kwenye maji yenye joto. Filamu inaeleza, kwa usahihi, kwamba mnyama anatengeneza kinga yake dhidi ya jua kali. Kisha muziki unaingia, na tunaalikwa kuona kwaheri: matumbawe yanajipamba ili tuyatazame yakifa. Ni sehemu nzuri kuliko zote na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Mwaka 2020 maabara ya matumbawe ya Chuo Kikuu cha Southampton, inayoongozwa na Jörg Wiedenmann na Cecilia D'Angelo, ilichapisha maelezo ya kilichokuwa kikitokea. Mwani akiondoka, mwanga unaingia kwenye nyama iliyo tupu na kugonga kiunzi cheupe, unarudi na kuzunguka ndani. Mwanga huo mwingi, hasa wa bluu, unamwamsha mnyama atengeneze protini za rangi kwa wingi. Rangi zinatia kivuli. Kivuli kinampa mwani nafasi ya kurudi, na akirudi, anaumeza mwanga na rangi zinatulia. Yaani mng'ao ule unaweza kuwa dalili ya tumbawe linalopigana na lenye nafasi ya kupona, hasa pale ambapo joto halikuwa kali sana au halikudumu. Simlaumu Orlowski kwa utafiti uliotoka miaka mitatu baada ya filamu yake. Namlaumu kwa kuchagua kwaheri wakati alichokuwa nacho mkononi ni swali.

Na majibu yalitoka wapi? Kwenye matangi. Maabara ile hufuga matumbawe yake yenyewe kwa njia ambazo mfugaji wa sebuleni angezitambua mara moja. Mwaka 2013 walikuwa wameshaonyesha kwamba tumbawe lenye nitrati nyingi lakini lililonyimwa fosfati linapauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vikiongezeka. Kwa wafugaji hilo lilikuwa somo kubwa, maana wengi walizoea kuisaka fosfati kama adui. Kwa bahari ni kubwa zaidi: mbolea na maji machafu yanayotoka nchi kavu yanaweza kuharibu uwiano huo na kuliacha tumbawe dhaifu kabla joto halijafika. Mtazamaji wa Mombasa au Dar anayejiuliza afanye nini kuhusu hewa ya ukaa ya dunia nzima angefurahi kusikia kwamba mfereji wa maji taka wa mji wake nao umo kwenye kesi. Filamu haimwambii.

Kwa wanaosoma baiolojia ya molekuli nina nyongeza moja. Ile protini nyekundu mnayoitumia kutia alama seli, DsRed, ilitangazwa mwaka 1999 na watafiti wa Urusi, na mnyama waliyemtoa, Discosoma, jamaa wa karibu wa matumbawe ya mawe, alikuwa mnyama wa akwaria, Moscow. Hakuna mwamba wa matumbawe karibu na Moscow.

Haki itendeke: filamu pia imekaa kimya kuhusu upande mbaya wa ufugaji huu. Matumbawe yote ya mawe yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, maana yake biashara ya kimataifa inahitaji vibali, na bado vipande vingi vinavyouzwa vimekatwa baharini, Indonesia ikiwa msambazaji mkubwa. Fiji na Indonesia zote ziliwahi kusimamisha usafirishaji karibu na mwaka 2018. Dawa wafugaji wanayo na ni rahisi ajabu: unakata tawi kwa koleo, unalibandika na gundi ya supa kwenye kijiwe, baada ya miezi una mama na mtoto. Tangi linaloanza na vipande vilivyozalishwa kwenye tangi lingine halina deni kwa bahari. Wapo wasiojali. Wakosoaji wa ufugaji wana hoja hapo, na sitawapinga.

Lakini ukataji huo huo ndio uliovuka kutoka sebuleni hadi kwenye uokoaji. David Vaughan, akiwa maabara ya Mote huko Florida, alivunja tumbawe tanginI kwa bahati mbaya, akakuta vile vipande vidogo mno vilivyobaki vimekua kwa kasi asiyoitarajia. Ndiyo chanzo cha mbinu ya vipande vidogo vidogo inayotumika sasa kurudisha matumbawe yanayokua polepole. London, kwenye makumbusho ya Horniman, Jamie Craggs na wenzake waliyafanya matumbawe yatage mayai ndani ya matangi kwa kuiga mwaka mzima wa bahari: joto, urefu wa mchana, hata mwezi. Matokeo yalichapishwa 2017, mwaka wa filamu hii. Kwetu nako upandikizaji wa vipande unafanyika, kwa mfano Wasini kusini mwa Kenya, kwenye maji ambayo hayajasahau upaukaji wa 1998.

Halafu ukaja Julai 2023. Maji ya Florida Keys yalipata joto kiasi kwamba watu waliokuwa wakilea matumbawe kwenye vitalu vya baharini waliyatoa haraka na kuyakimbizia nchi kavu, kwenye matangi. Bahari ilikuwa moto, tangi likawa kimbilio. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia imo kwenye upaukaji mkubwa wa nne. Filamu inahusu ule wa tatu. Nikiitazama leo, jicho langu linamfuata Zack tu, kwa sababu kazi aliyokuwa akiifanya Colorado kama mapenzi binafsi ndiyo kazi ambayo sasa watu wanaifanya kwa dharura.

Hayo yote hayaondoi nguvu ya Lizard Island. Pale filamu inaacha muziki wa kushawishi na kutupa siku moja baada ya nyingine: tawi lile lile, kwanza hai, kisha jeupe, kisha limevikwa utando wa mwani wa takataka. Mwaka huo wa 2016 Great Barrier Reef ilipoteza asilimia 29 ya matumbawe ya maji ya kina kifupi, na namba hiyo filamu inaitoa baada ya kukuonyesha tawi moja, kwa hiyo unaihisi. Ukifika hapo, mwangalie Zack anavyozungumza juu ya matumbawe aliyoyapiga picha. Hataji mwamba kwa ujumla. Anayataja moja moja, kama mtu anayejua lipi lilikula jana na lipi halikula.